Mhariri, ile taa juu ya milima ya Kongo ni Zuhura

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Kigoma. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti letu, kuna jambo linanikera siku nyingi.

Kila wiki mnatuwekea kona ya nyota, sijui Mapacha atapata hela, Ng'e awe makini na mapenzi, sawa watu wanasoma, ila zile zenyewe za juu hazina hata mstari mmoja. Huku Katonga jua likishazama, kuna miezi kitu kinawaka juu ya milima ya Kongo, kinang'aa kiasi kwamba ziwa likitulia na mwezi hamna unaona njia yake nyeupe kwenye maji. Mtoto wa mdogo wangu akaniuliza, baba mkubwa ile karabai ya nani? Vijana mwaloni wanabishana eti droni. Jamani ile ni Zuhura, ni sayari.

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa, kwake zilikuwa nyota mbili, ya jioni upande wa Kongo na ya alfajiri inayochomoza nyuma ya mji, akiiona hiyo anajua ni muda wa kurudi. Mimi nimekuja kujua ukubwani kumbe ni moja, haiendi mbali na jua ndo maana usiku wa manane huikuti. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliitazama kwa darubini mwaka 1610 akaona inapungua na kujaa kama mwezi, na ndo ikaonyesha kwamba inazunguka jua, haituzunguki sisi.

Marekani walipitisha chombo chao cha angani, Mariner 2, jirani yake Desemba 1962, lakini mimi kinachonigusa ni chombo cha Wasovieti, Venera 7, kilichotua huko tarehe 15 Desemba 1970. Parachuti ilileta shida, chombo kikajibamiza chini, mawasiliano kimya, watu wakajua basi kimekufa, baadae kuja kuchambua tepu wakakuta ishara dhaifu sana za dakika 23, yaani ndo mara ya kwanza dunia kupokea ishara kutoka kwenye ardhi ya sayari nyingine, na walikaribia kuikosa! Kule joto ni kama nyuzi 475, zile risasi tunazofunga kwenye nyavu zingeyeyuka zote, na hewa inagandamiza kama vile umezamishwa mita 900 ndani ya Tanganyika yetu. Venera 13 mwaka 1982 ilivumilia dakika 127 na ikatuma picha za rangi, mawe bapa yamelala kama yamepangwa.

Sasa kinachoniuma. Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilipita mbele ya jua, kidoa cheusi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na Kigoma ingeonekana mwanzo mwisho kwa mwenye kioo cha kukinga macho. Mimi nilikuwa mwanafunzi, siku hiyo tulikuwa uwanjani tunafyeka nyasi, jua liko palepale juu yetu na hakuna aliyetuambia kitu. Ikaja tena 2012, ikanipita vilevile. Nyingine ni Desemba 2117, hata yule mtoto wa mdogo wangu haiwahi.

Ndo maana naomba, Mhariri, pembeni ya hiyo kona yenu wekeni mistari mitatu tu, wiki hii sayari gani inaonekana, upande gani, saa ngapi. Gazeti likifika huku mimi nitaibandika mwaloni pale wanapopimia dagaa.

Msomaji wenu,
Katonga, Kigoma