Saadani mtoto hahitaji begi la Kibo

Mhariri,

Nimesoma barua ya mzazi wa Dar es Salaam aliyeuliza anunue begi gani la kulalia kwa ajili ya mwanawe anayekwenda na shule kupiga kambi Saadani, hifadhi ya kule Pwani. Nimesoma pia jibu la yule msomaji aliyemwambia atafute zito kuliko yote atakayoyaona sokoni, kwa sababu "porini ni porini". Hapo nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, na kwa miaka kumi na tisa kinachonilisha si magauni ya harusi, ni hayo mabegi. Makampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro huniletea yakiwa yamepasuka, zipu zimekatika, au yananuka soksi za siku saba, nami nayashona na kuyafua. Wagumu wetu, yaani wale vijana wanaobeba mizigo mlimani, huyaita slipingi, basi nami nitayaita hivyo hivyo.

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana mjuaji. Februari mwaka jana mwanangu wa darasa la sita alipangiwa safari hiyo hiyo ya Saadani. Shule ikatuma orodha, na kati ya tochi na sahani ya plastiki palikuwa pameandikwa: "slipingi nzito". Nikafurahi. Wazazi wenzangu walihangaika kukodi, mimi ninayo dukani, slipingi ya Kijerumani ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, imara kabisa, ya kulala Kibo, kambi ya juu kule mlimani, kwenye mita 4,700 na zaidi. Nikaifua, nikaikausha, nikaiweka kwenye mzani wa jirani anayeuza sukari: kilo moja na gramu 900. Nikamfungia mtoto mgongoni na kujivuna kwamba yeye ndiye aliyejiandaa kuliko wote.

Alirudi baada ya siku tatu ana harara kuanzia shingoni hadi kiunoni. Nikamuuliza, ulilalaje? Akasema, "Mama, mle ndani ni kama sufuria ya makande." Usiku wa kwanza aliingia ndani, akalowa jasho, akatoka akalala juu yake, mbu wakamfuata, akarudi ndani tena, na ndivyo kulivyokucha. Usiku wa pili aliikunja akaifanya mto. Usiku wa tatu mwenzake mmoja, ambaye mama yake hakuwa na hela ya kukodi slipingi, alimgawia upande wa shuka lake. Mtoto ambaye tulimwonea huruma stendi ndiye aliyelala vizuri kuliko wote.

Mimi ninayeishi na vitu hivi nilipaswa kujua. Slipingi haitoi joto lolote. Inachofanya ni kuzuia joto la mwili wako lisitoke, sawa na chupa ya chai. Kibo, ambako maji huganda ndani ya dumu, hilo ndilo unalolitaka. Saadani ni hifadhi ya taifa iliyo ufukweni kabisa mwa bahari, na Februari, wakati wa kaskazi, usiku wa Pwani nao ni wa joto. Weka watoto sita katika hema moja, funga zipu ya mlango kwa kuogopa wadudu, kisha umtie kila mmoja ndani ya chupa ya chai. Mwili unataka kupumua na wewe umeuziba.

Mzazi mwenzangu wa Dar, ukienda kununua usisome namba kubwa iliyoandikwa nje ya mfuko. Tafuta kile kitambaa kidogo kilichoshonewa ndani, karibu na zipu. Wazungu wana kipimo chao, kiliitwa EN 13537 tangu 2002 na sasa ni ISO 23537. Wanachukua sanamu la mtu lenye joto kama la mwili, wanalivika nguo za kulalia za mikono mirefu, wanalilaza ndani ya slipingi juu ya godoro la kambi kwenye chumba cha baridi, halafu wanapima joto linavyopotea. Hapo hupatikana namba tatu. Ya kwanza, "comfort", ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida atalala bila kutetemeka. Ya pili, "limit", ni ya mwanamume aliyejikunyata. Ya tatu, "extreme", maana yake ni kwamba utapita saa sita bila kufa, na hapo hakuna habari ya usingizi. Wauzaji hupenda kukutangazia hii ya tatu kwa sababu ndiyo inayotisha. Wewe shika ya kwanza. Kwa Pwani, Morogoro ya chini, Ruaha au kandokando ya Ziwa Victoria, slipingi yenye namba ya kwanza ya nyuzi 15 imetosha, na wakati mwingine imezidi. Ukiona namba hiyo ni sifuri au ina alama ya kutoa mbele yake, rudisha, hiyo ni ya wateja wangu wa mlimani. Na usisahau kwamba lile sanamu halitoki jasho. Mtoto wako anatoka.

Jambo la pili ni kilichomo ndani. Mimi nayajua matumbo ya vitu hivi kama muuza samaki anavyojua ya samaki. Kuna za manyoya mororo ya kifuani mwa bata, na kuna za pamba ya poliesta, ndugu yake ile ya kujazia mito. Ya manyoya ni nyepesi ajabu, ukiibana inaingia kwenye mfuko wa ukubwa wa mkate, na bei yake ni ya kutetemesha. Lakini iloweshe uone. Nikifua moja naitumbukiza kwenye beseni pana na sabuni laini ya maji, kamwe si ya unga, maana ya unga huyaondolea manyoya mafuta yake. Ikishiba maji inakuwa kama mbwa aliyekufa, haina umbo. Siikamui. Naiingizia mikono yote miwili kwa chini na kuinyanyua kama mtoto mchanga anayetolewa majini, kwa sababu ukiishika ncha moja, uzito wa maji unachana vile vyumba vya ndani vilivyoshonwa kuzuia manyoya yasiteremke yote miguuni. Kisha ni siku mbili za kivulini, na kila baada ya saa naipitia kwa vidole navunja madonge, dogo dogo, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Hapo niko Moshi kwenye hewa kavu. Chukua kitu hicho ukipeleke Pangani au Bagamoyo, ambako hata chumvi ya mezani hulowa yenyewe, kijazwe jasho usiku na kisianikwe mchana kwa sababu watoto wamekwenda kuangalia viboko Wami. Siku ya tatu kinanuka banda la kuku. Kwa joto, manyoya ni kupoteza pesa. Chukua pamba ya poliesta nyembamba, ikilowa inakauka mapema na haifi.

Uzito nao si jambo dogo kwa mtoto. Slipingi nzuri ya kulalia mahali pa joto huwa kati ya nusu kilo na gramu 900. Ikipita kilo, jiulize unabeba nini. Umbo lake liwe la mstatili. Achana na zile zinazobana miguu kama maiti iliyoviringishwa sanda, za baridi hizo. Zipu izunguke upande mzima hadi chini miguuni, ili usiku ukiwa wa moto uifungue yote iwe kama blanketi, na alfajiri upepo wa bahari ukianza kuchoma ujifunike nusu. Slipingi yenye zipu inayoishia kiunoni sitaki hata kuiona kwa mtu anayekwenda Pwani.

Dukani zipo mpya, lakini wengi wetu tutaishia mitumba, na hakuna aibu. Hapa Moshi belo likifunguliwa asubuhi kwenye soko la Memorial, slipingi huwa chini kabisa, zimebanwa kama chapati. Usidanganywe na ubapa huo. Ikung'ute, iache dakika kumi wakati unapatana bei ya kitu kingine, halafu irudie. Iliyo hai itakuwa imeumuka. Iliyobaki bapa imekufa, ilihifadhiwa miaka mingi ikiwa imebanwa. Inyanyue ielekee jua uone kama kuna mahali panapopitisha mwanga kuliko pengine, hapo pamba imehama. Pandisha na kushusha zipu mara tano, si mara moja, kwa sababu zipu mbovu huficha ubovu wake hadi mara ya tatu. Kisha nusa sehemu ya miguu. Najua watu watakucheka. Nusa tu. Nyingi zimeandikwa Kijerumani: ukiona "Daunen" ni manyoya, "Kunstfaser" ni pamba ya kiwandani, na hiyo ya pili ndiyo unayoitafuta kwa safari yako.

Lakini ukiniuliza mimi, Mhariri, mtoto wa Saadani hahitaji slipingi yoyote. Anahitaji doti moja ya khanga. Ikate vipande viwili kama kawaida, vilaze kimoja juu ya kingine, shona upande wa chini na mbavu moja yote. Mbavu ya pili shona kutoka chini hadi nusu tu, uache nafasi ya kutokea haraka, maana mtoto akishtuka usiku asigombane na nguo. Umepata mfuko wa urefu kama mita moja na nusu, unamtosha mtoto wa miaka kumi mwili mzima. Uzito wake kwenye mzani ule ule wa sukari: gramu 410. Ukifuliwa asubuhi umekauka kabla ya chakula cha mchana. Kwa mtu mzima nunua poplini mita nne na nusu ya upana wa sentimita 90, ikunje katikati, ushone vivyo hivyo. Mimi ninao wangu, huwa nakwenda nao gesti nikisafiri kununua vitambaa Dar, kwa sababu kuna mashuka ya gesti ambayo hata ukiyaangalia kwa upole yanakujibu vibaya. Nimelala nao pia kwenye meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba, juu yake nikajitupia shuka la Kimasai kwa ajili ya upepo wa ziwa.

Khanga haizuii mbu. Mbu hupenyeza mdomo pale kitambaa kinapogusa ngozi. Neti ni lazima, na kama hema lina wavu mlangoni, kagueni wavu huo nyumbani, msisubiri jua lizame. Chini tandika turubai, juu yake mkeka wa ukindu. Wenzetu wa Pwani wameulalia mkeka huo tangu enzi na enzi kwa sababu unapitisha hewa mgongoni. Godoro la sponji mle hemani ni jiko la pili.

Sasa asije mtu akasoma barua hii akampeleka mtoto Lushoto mwezi wa saba na khanga. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kama nyuzi sita. Tanga mjini ikiwa nyuzi 20, Lushoto kwenye mita 1,400 watoto wanagonga meno, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye mita kama 2,300, ni baridi ya kweli. Huko njooni kwangu, nitawapa zile nzito. Ndiyo maana naona kosa kubwa liko kwenye orodha za shule. Mtu mmoja aliandika orodha ya kwenda Marangu zamani, na tangu hapo inadurufiwa kwa safari zote, iwe mlimani, iwe baharini, iwe Januari au Julai. Walimu wangu, andikeni jina la mahali na mwezi juu ya karatasi, kisha mfikirie. Kuna mzazi anayekopa ili akodi slipingi ambayo mwanawe ataigeuza mto.

Mwanangu wa tatu ndiye anayekwenda Saadani safari hii. Mfuko wake wa khanga niko nao hapa kwenye mashine. Aligoma kwanza, akasema wavulana watamcheka kwa kulala kwenye nguo ya mama yenye maandishi "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Nimeugeuza, maandishi yamekaa ndani. Orodha ya shule ilifika Jumanne, na pale kati ya tochi na sahani pameandikwa vile vile, slipingi nzito. Nimeyakata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, juu yake nimeandika "doti moja na neti", nikasaini, nikairudisha kwa mwalimu. Hadi leo Ijumaa hajanijibu.

Fundi cherehani,
Moshi