Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: rubani mgeni akipotea uwanjani, asione haya kusema

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kuhusu zile dakika chache ambazo abiria hazihesabu kama safari: ndege inapotembea kwa magurudumu kutoka maegesho kwenda barabara ya kurukia, au inapokwisha kutua na kutafuta maegesho. Mimi ni rubani wa ndege ndogo za kukodi. Nimebeba watalii kwenda Serengeti, wagonjwa kutoka visiwani, na mara kwa mara wateja wanaotaka kupelekwa nchi jirani. Angani sijawahi kupotea. Ardhini nimepotea.

Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, katika uwanja mkubwa wa nje ya nchi niliokuwa natua kwa mara ya kwanza. Nilikuwa peke yangu mbele. Mwongoza ndege alinipa maelekezo kwa pumzi moja: herufi, herufi na namba, vuka, pinda, simama. Nikayarudia yote sawasawa, kama utaratibu unavyotaka. Lakini kuyarudia ni kazi ya mdomo, na kuyaona kwenye lami ni kazi nyingine kabisa. Mstari wa njano wa katikati ya njia ukilowa usiku hauonekani tena. Taa za bluu za pembeni, penye makutano ya njia nyingi, zinachanganyika mpaka hujui ipi ni ya njia ipi. Ramani iliyokuwa gotini imechorwa kaskazini ikiwa juu, nami nilikuwa naelekea kusini, kwa hiyo kulia kwa ramani kulikuwa kushoto kwangu. Nikaipita kona yangu. Nilipoona taa za mbele ni nyeupe badala ya bluu, nikajua nakaribia barabara ya kurukia, nikakanyaga breki.

Halafu nikakaa kimya. Labda sekunde kumi, labda kumi na tano. Ndege nyingine ilikuwa inakaribia kutua, na mimi nimekaa kimya kwa sababu ya haya tu. Masafa ya redio yalikuwa yamejaa marubani wa mashirika makubwa, na sikutaka wasikie sauti yangu ikisema sijui nilipo. Mwishowe nikasema. Mwongoza ndege hakunifokea. Aliniambia nisisogee, akatuma gari la kuniongoza, nikafika maegesho salama. Niliporudi nyumbani sikumwambia mtu yeyote, wala hakuna fomu niliyojaza. Zile sekunde ndizo zinazonifanya nikuandikie leo.

Unalijua vizuri tukio la uwanja wa Linate, Milan, Italia, tarehe 8 Oktoba 2001, lakini nalitaja kwa ajili ya wasomaji wengine wa barua hii. Asubuhi ya ukungu mzito, ndege ndogo aina ya Cessna Citation iliambiwa ipite njia R5. Ikashika R6, ambayo inakatiza barabara ya kurukia. Rubani hakunyamaza. Alitoa taarifa redioni kwamba anakaribia alama ya S4. Alama hiyo ilikuwa imepakwa rangi kwenye lami, lakini haikuwa kwenye ramani, na mwongoza ndege hakuijua. Akamwazia yuko mahali pengine, akamruhusu aendelee. Ndege ya abiria aina ya MD-87 ya shirika la SAS ilikuwa inakimbia kuruka, zikagongana. Wakafa watu 118, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi waliokuwa chini. Rada ya zamani ya ardhini ilishazimwa na mpya ilikuwa bado haijaanza kazi.

Kila nikilifikiria tukio hilo narudi kwenye neno lile moja, S4. Rubani alisema alipo, na aliyemsikia hakuwa na picha ya mahali hapo kichwani. Mwenyeji anayekaa mnarani huuona uwanja kutoka juu, mchana, mwaka mzima. Mgeni huuona kutoka chini, usiku, mara moja. Mwenyeji hawezi kujua ni kona ipi inayopoteza wageni mpaka amuulize mgeni mwenyewe.

Wako waliopotea hata wakiwa na uzoefu mkubwa kuliko wangu. Katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 ya shirika la Pan Am iliyoelekezwa huko kwa dharura iliambiwa itoke barabara ya kurukia kwa njia ya tatu kushoto. Njia zile hazikuwa na vibao, ukungu umetanda, na ile ya tatu ilitaka ndege kubwa kiasi kile igeuke karibu kurudi ilikotoka. Wakaipita. Ndege ya shirika la KLM ikawagonga kwenye barabara hiyo hiyo. Chanzo kikuu cha maafa yale ni KLM kuanza kuruka bila ruhusa, hilo halina ubishi. Lakini Pan Am ingekuwa imeshatoka pale, watu 583 wasingekufa. Huku kwetu Afrika, Desemba 2013 pale Johannesburg, 747 ya British Airways ilitakiwa ifuate njia B inapokata kona, ikanyoosha kwenye njia M iliyo nyembamba, na bawa lake likaingia kwenye jengo. Wafanyakazi wanne waliokuwa ndani ya jengo wakaumia.

Mwaka 2006 kule Lexington, Marekani, marubani wa shirika la Comair waliingia kabla ya mapambazuko kwenye barabara fupi ya kurukia badala ya ndefu. Uwanja ulikuwa kwenye ujenzi na ramani yao ilikuwa haijalingana na njia zilivyobadilishwa. Watu 49 kati ya 50 walikufa. Nalitaja hilo kwa sababu nasi tunajenga. Jengo la tatu la abiria Dar es Salaam lilifunguliwa 2019, Zanzibar nako kumepanuliwa, Dodoma kunajengwa uwanja mpya wa Msalato. Kila kiungio kipya cha njia za ndege kinachofunguliwa, na kila cha zamani kinachofungwa, kinamfanya hata mwenyeji kuwa mgeni kwa muda. Notamu moja, yaani tangazo rasmi la mabadiliko kwa marubani, iliyojaa vifupisho, inayosomwa saa kumi alfajiri, haitoshi kumwonyesha mtu hilo.

Na wageni wanakuja wengi. Tanzania, Kenya na Uganda zimekabidhiwa kuandaa AFCON 2027 kwa pamoja. Timu na mashabiki watakuja na ndege za kukodi, na rubani wa Dakar au Rabat atatua Dar es Salaam usiku akiwa hajawahi kuiona lami yake.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Kwanza, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tamka kwa maandishi, kwa sahihi yako, kwamba rubani aliyesimama na kusema amepotea hataadhibiwa na Mamlaka kwa sababu ya kusema hivyo. Waagize waongoza ndege wamwelekeze mgeni hatua kwa hatua, kona moja baada ya nyingine, bila kusubiri aombe. Anapoita kwa mara ya kwanza wamuulize kama anaufahamu uwanja. Swali hilo linachukua sekunde mbili, nalo lingenipa ruhusa ya kusema ukweli usiku ule.

Pili, makutano yanayochanganya yawekewe duara la tahadhari kwenye ramani za uwanja, na yachaguliwe kwa kuwauliza marubani wasioyazoea. Sisi wa ndege ndogo tunaotoka viwanja vya vumbi vya mbugani na kuingia Dar es Salaam au Zanzibar katikati ya ndege kubwa, tuulizeni. Tuna majibu. Marubani nao wana wajibu wao: kuisoma ramani kabla ya kuanza kushuka, kuandika maelekezo badala ya kuyategemea masikioni, kulinganisha dira na njia kabla ya kupinda, kutoshika orodha ya ukaguzi ndege ikiwa inatembea. Hayo nawafundisha vijana wangu kila siku, na siyaombi ofisini kwako.

Tatu, kabla ya masika yajayo, panga usiku mmoja wa mvua pale Dar es Salaam. Waongoza ndege wa zamu isiyo kazini wapande gari pamoja na marubani wachache wasioujua uwanja ule vizuri, wapite kila kiungio taratibu kwa idhini ya mnara, na kila mahali mtu atakaposema "hapa sijui niende wapi" paandikwe. Mimi nitakuja kutoka Arusha kwa nauli yangu, nami nitakaa kiti cha mbele na ramani gotini.

Wako katika kazi,

Rubani wa ndege za kukodi, Arusha