Makala za tembo wa Chobe zisimsahau mkulima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe maoni yangu kuhusu makala za utalii wa kusini mwa Afrika, ambazo siku hizi zinapendwa sana na wasomaji lakini ambazo, kwa mtazamo wangu, zinasimulia nusu tu ya habari. Ukizisoma utadhani kaskazini mwa Botswana kuna tembo, mto na machweo, basi. Wakazi wa huko hawatajwi isipokuwa wanapoendesha magari ya watalii au kupokea mizigo hotelini.

Nilifika huko kwa mabasi, kupitia Tunduma, Lusaka na Livingstone, nikavuka Mto Zambezi kwenye daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021 na kuwaondolea madereva wa malori adha ya kusubiri pantoni. Mwendo mfupi kutoka hapo ni mji wa Kasane, unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Chobe, ambayo haina uzio wa kuwazuia wanyama wasitoke. Ngiri hupiga magoti na kula nyasi kando ya kituo cha mafuta, nguchiro hupita kwa makundi nyuma ya maduka, na jua likizama mwenyeji wako atakukataza kutembea kwa miguu, kwa kuwa viboko na tembo nao hutumia njia hizo hizo.

Sibishi kwamba Chobe inastahili sifa. Nikiwa kwenye boti katika Mto Chobe niliona kundi la tembo likivuka kwenda kisiwa cha Sedudu, ambacho Botswana na Namibia zilikigombania hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipokipa Botswana mwaka 1999 (tembo, bila shaka, hawakuwa wakingoja hukumu hiyo ili wale nyasi zake). Maji yaliwafika wakubwa mabegani, na ndama mmoja, aliyebanwa katikati ya majike wawili, mara alionekana kisogo, mara ncha ya mkonga tu. Walipopanda ukingoni kila mmoja alikuwa na rangi mbili, mweusi hadi pale maji yalipoishia na wa kijivu cha vumbi kuanzia hapo hadi mgongoni.

Siku nyingine, katika barabara iendayo Nata, jike mwenye mtoto alisimama katikati ya lami na kutanua masikio. Dereva wetu hakupiga honi wala kujaribu kumpita. Alirudisha gari nyuma taratibu, akasubiri hadi kundi zima lilipovuka, kisha akaendelea na safari bila kusema neno. Abiria waliokuwa wenyeji hawakutoa hata simu zao kupiga picha. Ni sisi wageni tuliohangaika.

Ila mambo mazito nilielezwa Kavimba, kijiji kilicho baada ya Ngoma, ambako mkulima mmoja, mama wa makamo, alinionyesha shamba lake la mahindi. Alikuwa amelizungushia kamba yenye matambara yaliyochovywa katika mchanganyiko wa oili chafu na pilipili, na makopo matupu ya kupiga kelele kamba ikiguswa. Upande wa magharibi kamba ilikuwa imelala chini, na mabua yalikuwa yamekanyagwa hadi yakachanganyika na udongo. Fidia ya uharibifu wa tembo ipo kisheria, lakini fedha, alisema, haimrudishii msimu.

Sensa ya mwaka 2022 katika eneo la hifadhi linalounganisha Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe ilikadiria tembo zaidi ya 227,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Botswana. Ndiyo maana uamuzi wa Botswana wa mwaka 2019 wa kuondoa zuio la uwindaji lililoanza mwaka 2014 ulilaumiwa sana ng'ambo huku wanavijiji wengi wakiupokea vizuri. Mimi mwenyewe sina hakika kwamba bunduki ya mwindaji tajiri inalinda mahindi ya yule mama, lakini naona si haki mjadala huo kuendeshwa na watu ambao hawajawahi kukesha shambani wakipiga madebe.

Wasomaji wa Tunduru hawatahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili, kwa sababu wanakifahamu kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori, na wanajua kwamba tembo anaweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula cha mwaka mzima. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: mwandishi wenu atakayepelekwa Chobe akishamaliza kupiga picha mtoni, afuate barabara ya Ngoma hadi Kavimba na Kachikau, awaulize wakulima mara ya mwisho walivuna nini, na majibu yao yachapishwe katika ukurasa ule ule wa picha za tembo.

Msomaji wenu,
Mbeya