Shangazi, nichukue kemia ya unesi au ya famasia?

Shikamoo Shangazi. Najua barua nyingi zinazokufikia ni za ndoa na mawifi. Yangu ni ya kemia, ingawa ukisoma mpaka chini utamkuta mume wangu humo humo. Na wasomaji wenu walioko huku Marekani, hasa manesi na wafamasia, naomba nao wanisaidie, maana wao njia hii wameshaipita.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, nina miaka 27, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Tulikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi. Kidato cha tano na sita nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, nikafaulu, ila si kwa alama za kupata nafasi ya udaktari au famasia kule nyumbani. Huku nabeba boksi kama wengine: usiku nahudumia wazee kwenye makazi yao, mchana nasoma chuo cha miaka miwili. Ada inalipwa na ruzuku ya serikali, ile ya Pell.

Usajili wa muhula wa Agosti unakaribia kufungwa na lazima nichague kemia. Ziko mbili. Moja ni ya muhula mmoja tu, imetengenezwa kwa ajili ya wanaokwenda unesi. Unapitishwa haraka kwenye moli, myeyusho, asidi na besi, unagusa ogani, yaani kemia ya kaboni, kidogo, unamalizia na wanga, protini na mafuta. Nyingine ni ile ndefu: kemia ya jumla mihula miwili pamoja na maabara, kisha ogani mihula miwili, kisha baiokemia, yaani kemia ya viumbe hai. Hakuna kuruka ngazi. Ogani hawakupokei kama hujamaliza kemia ya jumla yote. Na ile fupi haihesabiwi ndani ya hii ndefu hata kidogo, kwa hiyo ukiichukua halafu ukabadili mawazo unaanza upya, na chuoni kwetu kuanza upya maana yake ni kungoja Agosti nyingine.

Mshauri wa masomo aliangalia fomu yangu, akaona nimejaza "unesi", akanipangia ile fupi. Hakukosea. Unesi ndio nilioandika, kwa sababu ndio kila Mtanzania aliyenipokea huku aliniambia niandike. Lakini ninachokitaka ni famasia.

Nitaeleza kwa nini. Kazini kuna mzee anatumia waferini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Akapata maambukizi ya mkojo, akaandikiwa antibayotiki. Jioni mfamasia akapiga simu, nesi akaweka spika, nami nilikuwepo natandika kitanda. Akasema antibayotiki hiyo inaipandisha nguvu waferini na mzee anaweza kuvuja damu, tafadhali daktari abadilishe. Antibayotiki yenyewe, Shangazi, ni septrini! Ile ile tuliyokuwa tunanunua duka la dawa Tabora bila cheti cha daktari, unamwambia muuzaji tu nipe dozi. Tangu siku hiyo nikipita na kitoroli cha chakula nasoma majina ya dawa za wazee, najiuliza ipi inagombana na ipi. Manesi nawaheshimu sana, nawaona wanavyofanya kazi. Ila mimi moyo wangu uko upande wa pili wa ile simu.

Kemia yenyewe sina uadui nayo. Kidato cha sita nilipenda titresheni kuliko somo lolote, hasa pale tone moja la mwisho linapogeuza chupa nzima kuwa ya pinki. Nilidhani PCB yangu ingeniokolea muda. Nilipeleka vyeti vya NECTA, vya mitihani ya taifa ya nyumbani, vikatathminiwa, chuo kikanihesabia krediti (pointi za kozi) chache za jumla, lakini kemia na maabara yake wakasema nitasoma hapa. Waliotangulia wameniambia niliache hilo, kwa kuwa vyuo vya famasia vingi hutaka kuona kozi za sayansi ulizosoma Marekani.

Nimekaa nikasoma masharti yao. Shahada ya famasia huku ni ya udaktari, PharmD, kwa kawaida miaka 4, na unaingia baada ya angalau miaka miwili ya masomo ya awali. Vingi vinataka kemia ya jumla mwaka mzima na ogani mwaka mzima, na kwenye orodha za baadhi baiokemia imo. Mtihani wa kujiunga, PCAT, ulifutwa mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo wanakupima zaidi kwa alama zako za darasani. Watu wanalichukulia hilo kama nafuu. Mimi naona limeipa kila gredi ya kemia uzito zaidi.

Nyumbani hawanielewi. Kaka yangu mkubwa yuko Mwanza, kila akipiga simu anauliza mbona sisomei udaktari kabisa, si nilisoma PCB? Kwetu unatoka kidato cha sita unaingia moja kwa moja miaka mitano ya udaktari. Nimemweleza kwamba huku kwanza unachukua shahada ya kawaida, humo ndani unapita kemia hizo hizo zote, ndipo unafanya MCAT, mtihani wa kujiunga na udaktari, ambayo tangu 2015 baiokemia imejaa, halafu ndiyo unaanza miaka minne ya udaktari. Akaniambia natafuta visingizio. Hilo la kaka tuliache.

Mume wangu ndiye ninayepaswa kumsikiliza, na hoja yake si ya kijinga. Anaendesha lori, analala nyumbani siku chache kwa mwezi. Anasema: chukua ile fupi, ingia unesi hapo hapo chuoni, miaka miwili ukishaanza programu unafanya NCLEX, mtihani wa leseni, unakuwa RN, yaani nesi aliyesajiliwa, mshahara unabadilika, mimi naacha safari ndefu. Famasia ukitaka utaisoma baadaye. Anaongeza kwamba ruzuku ya Pell ina kikomo, mihula 12 ya kusoma muda wote katika maisha yako, na hailipi shahada kama hiyo ya PharmD, ile ni mikopo. Yote ni kweli. Kinachonitia wasiwasi ni hilo neno "baadaye". Programu nyingine hazipokei kozi ya sayansi iliyopita miaka mitano au saba, na mtoto wa pili hatangoji nimalize ogani.

Kuna mama mmoja Mkongo tunasali naye, mtu wa Bukavu, ni RN wa siku nyingi. Yeye ananipa njia ya katikati: chukua kemia ya jumla ya kwanza, kwa sababu programu ya unesi ya chuo chenu itaikubali badala ya ile fupi. Ukiiweza, unaendelea na famasia. Ukishindwa, unesi bado upo. Yeye mwenyewe alichukua fupi, na alipotaka kusomea unesi wa usingizi chuo alichokitaka kikamdai ogani, akarudi darasani na watoto wa miaka 19 wakati yeye ana wajukuu.

Niliuliza, ni kweli itakubaliwa. Lakini mshauri akanitahadharisha: nafasi za unesi zinagombaniwa na wanapanga waombaji kwa alama. A ya kemia fupi inakupandisha, C ya kemia ya jumla inakuangusha, na ukirudia kozi, ile C haifutiki kwenye rekodi. Maabara ya kemia ya jumla ni asubuhi, saa mbili hadi saa tano, mara mbili kwa wiki. Mimi natoka kazini saa moja. Najijua: A ya kemia ninaiweza nikiwa nimelala. Nikiwa sijalala sina hakika hata ya kusoma mizani sawasawa. Nimeomba kuhamishiwa zamu ya jioni, bado sijajibiwa, na jioni nayo inataka mtu wa kukaa na mtoto.

Kwa hiyo Shangazi, naomba ushauri wako kuhusu mume wangu. Nimwambie wazi kwamba sitaki unesi, au nichukue kemia ya jumla kimya kimya kwa jina la unesi nione inavyokwenda? Hii ya pili inanivutia, na ndiyo sababu naiogopa.

Na kwa wasomaji: kuna aliyesoma ogani kwenye chuo cha miaka miwili akapokelewa famasia bila kusumbuliwa, au ni bora niingoje mpaka nihamie chuo kikuu ambako ada ni kubwa? Kemia ya jumla ya pili kwa kiangazi, wiki nane tu, mtu anayefanya kazi anaimudu? Na mliokuwa na zamu za usiku, mlichukua kozi ngapi pamoja na kemia? Mimi nilifikiria kuichukua na hisabati peke yake, nibaki na krediti chache, hata kama ruzuku itapungua muhula huo.

Msinijibu "fuata moyo wako". Niambieni mlichukua nini, mkapata gredi gani, na mkalala saa ngapi.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio