Barua ya wazi kwa vijana mnaokusanya kumbukumbu za East African Airways

Wanangu,

Salamu zangu ziwafikie. Nawaona mnavyohangaikia tiketi, picha na simulizi za shirika la ndege lililowabeba babu zenu tangu 1946 hadi lilipovunjika mwanzoni mwa 1977. Kazi njema. Ila kumbukumbu tamu huchanganya miaka, na kosa likishaandikwa chini ya picha halitoki tena. Someni kwanza kitu chenyewe, halafu ndipo mmsikilize anayekisimulia.

Kwenye picha, tafuteni namba za usajili ubavuni au kwenye mabawa. VP-K ni Kenya ya mkoloni, VR-T Tanganyika, VP-U Uganda. Baada ya uhuru zikawa 5Y, 5H na 5X. Kwa hiyo Comet, ndege ya jeti, yenye VP-K haiwezi kupigwa picha kabla ya 1960, ndege hizo zilipoanza kazi, wala haiwezi kuwa ya 1970, hata bibi akiapa. Wala msidhani kuwa yenye 5H ilihudumia Tanzania peke yake: shirika liligawa usajili kwa nchi zote tatu, na ndege ile ile ilizunguka kote.

Namba zisiposomeka, tazameni umbo. Dakota, yaani DC-3, ikisimama huinua pua, kwa kuwa gurudumu lake la tatu liko mkiani. Fokker F27 ni ya pangaboi, mabawa yamepita juu ya madirisha makubwa yenye umbo la yai. Shirika halikuwa nayo kabla ya 1962. Comet imeficha injini zake nne ndani ya mabawa, pale yanapoungana na kiwiliwili. Super VC10, iliyoingia 1966, ina injini nne nyuma, mbili kila upande. BOAC, shirika la ndege la Uingereza, nao walikuwa na Super VC10, na watu hawaachi kuzichanganya. Za kwetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, mbele ya bawa. Mkikuta maelezo yasemayo "Embakasi, 1955", yafuteni. Uwanja ule wa ndege wa Nairobi ulifunguliwa 1958. Lakini mzee akisema ndege ilitua majini Lindi au Kisumu, msimcheke: ndege za majini za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilishuka huko kuanzia 1937 zikielekea Durban.

Tiketi ya zamani ilikuwa kijitabu: kuponi moja kwa kila kipande cha safari, ikichanwa abiria anapoandikishwa, na ya mwisho akabaki nayo mwenyewe. Basi kijitabu kilichobakiwa na kuponi hiyo tu ndicho kilichosafiri. Chenye kuponi zote kinawaambia safari haikufanyika, na hapo ndipo pa kuuliza kwa nini. OK maana yake nafasi imethibitishwa. RQ, imeombwa tu. F ni daraja la kwanza, Y la kawaida. 20K ni kilo ishirini za mzigo.

Sasa utunzaji, maana hapa ndipo mnapoharibu. Maandishi ya tiketi ni ya kaboni iliyopakwa nyuma ya kuponi, na kuponi zikibanwa pamoja zinaambukizana wino hata leo. Wekeni kati yake karatasi isiyo na asidi. Pini za stepla huota kutu, hasa pwani: nyoosheni miguu yake kwa ubapa wa kisu butu, kisha zitoeni kwa upande wa pili bila kuvuta karatasi. Msitumie selotepu, wala msipitishe karatasi kwenye mashine ya kulaminishia. Joto na gundi vikishaingia havitoki. Mfuko uwe wa poliesta. Plastiki laini ya PVC hutoa kemikali, hunata na kubandua wino. Pigeni skani ya rangi kwa dpi 600, muhifadhi kama faili la aina ya TIFF, kabla kitu hakijaanza kupita mikononi mwa watu. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu si za machweo: ni rangi ya samawati iliyopauka kwanza.

Mkimhoji mzee, msimuulize "ilikuwaje?" Atawajibu "raha", yaishe. Ulizeni alishuka wapi njiani, alikaa karibu na mvuta sigara, mhudumu aligawa nini kabla ya kuruka. Atataja peremende, kwani kumeza mate huzibua masikio. Atataja shati lililochafuka wino: juu angani shinikizo hupungua, hewa iliyomo ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje. Abiria wa Dakota atataja kutapika, na ni kweli, maana ndege ile haikuwa na shinikizo la hewa ndani, ikabidi iruke chini kwenye hewa yenye misukosuko.

Msiziache ajali. Dakota iliyogonga Kilimanjaro Mei 1955 iliua wote 20 waliokuwamo. Super VC10 iliyoanguka Addis Ababa Aprili 1972 iliua 43. Mkusanyo usio na hayo ni tangazo la biashara.

Majina ya walio kwenye picha yaandikeni kwa penseli laini juu ya bahasha kabla ya kuitia picha, si mgongoni mwa picha, maana kalamu ya wino hupenya na kuacha alama upande wa mbele. Mwandikeni pia aliyewatajia majina hayo, na tarehe aliyowatajia.

Mzee wenu