Barua kwa Neema kabla ya safari ya Arua

Arua, Uganda

Dada Neema,

Salamu nyingi kutoka West Nile. Natumaini wewe, mama na wote wa Mwanza hamjambo. Sisi huku tu wazima. Mvua zimekatika na vumbi limeanza kutafuta kila tundu.

Umeniuliza uje na vitabu gani vya tiba. Vitabu viache. Ukunga unaujua, na miongozo ya Wizara ya Afya ipo hapa. Kinachomwangusha mgeni kwenye hospitali ya misheni kijijini ni maji, umeme, friji na mfuko wa mgonjwa. Hivyo vinne vikikorogeka, ujuzi unabaki nao mkononi. Nitakuandikia hayo zaidi, na machache ya nyumbani.

Makaratasi kwanza, kwa haraka. Cheti cha homa ya manjano utaulizwa mpakani. Vyeti vya shule vitangulize kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, maana bila usajili hushiki mgonjwa. Kibali cha kazi hospitali yenyewe itakuombea. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza, kwa hiyo anza sasa hivi.

Nyumba utakayopewa ina bati na tangi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 10 ni lita 500, ukitoa kama moja ya tano inayoruka nje ya mfereji. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiiruhusu iingie tangini. Geuza bomba pembeni mpaka bati lioshwe, kwa kuwa limebeba miezi mizima ya vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi uwe na wavu, la sivyo unafuga mbu wako mwenyewe. Kuanzia Desemba ni kisima cha pampu na jerikeni za lita 20. Maji ya kunywa yatokote kwa nguvu dakika nzima, kisha yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Wengi huchemsha vizuri halafu wanamimina kwenye jerikeni chafu, na hapo kuni zimeungua bure.

Nguo anika juani, kwenye kamba, kamwe si kwenye nyasi wala kivulini. Kuna inzi hapa, wanamwita inzi wa maembe, anayetaga mayai kwenye kitambaa chenye unyevu, na funza wake anaingia chini ya ngozi ukivaa. Piga pasi kila kitu pande zote mbili: mishono, ukanda wa chupi, shuka, nepi za watoto wa wodini. Ukikosa pasi, iache nguo wiki mbili bila kuivaa, wafe kwa kukosa mwili. Akishaingia utaona jipu lenye tundu katikati. Funika tundu kwa Vaseline nene, subiri ajitokeze kutafuta hewa, kisha kamua taratibu. Usimkate, kipande kikibaki ndani kitatunga usaha.

Pasi yenyewe iwe ya mkaa. Ya umeme inavuta wati 1,000 na zaidi, na sola ya nyumbani haiiwezi. Betri za asidi usizishushe chini ya nusu ya chaji, hata kama taa bado zinawaka, maana ukizizoesha hivyo zinakufa mapema na mpya ni ghali kuliko paneli. Kiangazi paneli zioshwe asubuhi mapema, kioo kikiwa bado baridi.

Sasa friji, na hapa nitakaa kidogo. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asitoke damu nyingi akishajifungua, inataka nyuzi 2 hadi 8, sawa na chanjo. Ikikaa mezani chumba cha kujifungulia kwa siku kadhaa za joto la huku, kichupa kitabaki safi, maji yake meupe, na nguvu imepotea. Unachoma uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kama ulivyofundishwa, na mama anaendelea kutoka damu. Kila mtu atalaumu kizazi. Kwa hiyo kipimajoto cha friji kisomwe asubuhi na jioni na kuandikwa, Jumapili pia, na mezani vitoke vichupa vya zamu ile tu, ndani ya kibebeo chenye barafu. Usivigandishe wala usivibandike kwenye ukuta wa nyuma wa friji. Umeme ukikatika, usifungue mlango kuangalia. Misoprostoli, vidonge vya kazi hiyo hiyo, mikrogramu 600 za kumeza, haihitaji baridi, ila ibaki ndani ya karatasi yake ya bati, kwa maana unyevu unaiharibu. Mimi naona kabati la wazazi lisilo na misoprostoli halijakamilika, hata friji iwe nzuri namna gani.

Malaria kali utaiona kila siku msimu wa mvua. Artesuneti ya kichupa cha miligramu 60 inayeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo, itikiswe mpaka iwe angavu. Kisha ongeza mililita 5 za maji ya chumvi kwa ajili ya mshipa, upate miligramu 10 kwa mililita. Au mililita 2 kwa ajili ya msuli, upate 20. Mtoto chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo, mkubwa zaidi 2.4. Kwa hiyo mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 36, yaani mililita 3.6 kwenye mshipa au 1.8 kwenye msuli. Rudia saa 12 baadaye na saa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza. Itumie ndani ya saa moja tangu kuichanganya. Makosa ni yale yale kila mwaka: kutumia maji ya sindano badala ya bikaboneti, kukadiria uzito kwa macho, na kuacha baada ya sindano ya kwanza kwa sababu mtoto ameamka na anataka uji. Angalau sindano tatu, kisha vidonge vya mseto siku tatu kamili. Mwambie mama arudi baada ya wiki mbili, damu ipimwe, kwa maana wengine chembe zao nyekundu za damu zinavunjika wakati huo homa ikiwa imeshasahaulika.

Damu ya kuongeza inatoka benki ya damu ya mkoa hapa Arua na mgonjwa hailipii. Ila wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, hivyo shule zikifungwa chupa zinaadimika. Likizo ikikaribia, agizeni mapema.

Mashine ya oksijeni ina kichujio cha sifongo. Kioshe kwa sabuni kila wiki, kiangazi kila siku mbili tatu, na kiwepo cha pili cha kuvaa wakati cha kwanza kinakauka. Iwe mbali na ukuta sentimita 30, na isichomekwe bila stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Otoklevu ya mkaa, chungu cha kuua vijidudu vya vifaa kwa mvuke, inapotosha watu kwenye saa: dakika zinahesabiwa tangu ifike nyuzi 121 baada ya hewa kutolewa yote, si tangu iwekwe motoni. Vifurushi vya kitambaa vikae dakika 30, na kifurushi kilichotoka kimelowa hakijasafishwa, kirudi.

Kuhusu pesa. Vituo vya serikali viliacha kutoza wagonjwa mwaka 2001. Sisi wa misheni bado tunatoza kidogo. Dawa tunazinunua Joint Medical Store, bohari ya dawa ya makanisa pale Nsambya, Kampala, na mishahara lazima itoke mahali. Ndiyo maana mama anaanzia duka la dawa na vidonge viwili, anapita kituo cha daraja la pili ambako dawa zimeisha, na kwetu anafika siku ya tatu. Wakati mwingine ukoo unasubiri siku ya soko mbuzi auzwe. Usimgombeze, ukimgombeza mara moja, safari ijayo atachelewa zaidi. Muulize amekunywa nini, amechomwa sindano gani na wapi, kisha andika, kwa sababu kipimo chako kinategemea jibu hilo. Muulize pia nani anampikia. Hospitali haipiki; kila mgonjwa huja na mtu wake, mwenye mkeka, sufuria na jiko. Asiye na mtu analala njaa huku chati inaonyesha dawa zote zimetolewa. Wewe mwenyewe utaombwa pesa kitandani. Ukitaka kusaidia, pitisha kwenye mfuko wa maskini wa hospitali. Ukitoa mkononi wodini, kesho utahudumia foleni nyingine kabisa.

Kumbukumbu za mgonjwa wa nje zinakaa kwenye daftari lake la shule, analonunua dukani. Andika kwa kusomeka, kwa maana litafunguliwa kituo kingine. Na rejista zetu ziheshimu. Pale Kuluva, jirani na hapa, Dk. Ted Williams aliandika wagonjwa wake wa uvimbe wa Burkitt, saratani inayoshika zaidi watoto, kwa uangalifu, na kutokana na hizo kumbukumbu miaka ya 1960 ilionekana kwamba kesi zilikuja kwa makundi, mahali na wakati.

Glavu zivaliwe kwa kila anayetoka damu, bila kuchagua sura. Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, alikufa kwa Ebola Desemba 2000, na mwaka 2022 Ebola ilirudi tena Uganda, kule Mubende. Damu ikimwagika, tumia klorini ya asilimia 0.5: dawa ya kufulia ya asilimia 3.5 sehemu moja, maji sehemu sita, ichanganywe upya kila siku. Ukijichoma sindano, osha kwa sabuni bila kukamua, na anza dawa za kukinga VVU saa hiyo hiyo. Baada ya saa 72 hazina maana, na ni siku 28 mpaka mwisho.

Kiswahili chako utakitumia Arua mjini kila siku. Kampala wapo wazee wanaokisikia kama lugha ya askari, hivyo usishangae ukijibiwa kwa ukavu. Vijijini ni Kilugbara: anza na "Mi ngoni?", yaani hujambo, na umalize na "Awadifo", yaani asante, mengine yatafuata. Wakimbizi kutoka Sudan Kusini wengi wanazungumza Kiarabu cha Juba. Mkalimani wa mambo ya uzazi asiwe mtoto wa mgonjwa.

Ukipitia mpaka wa Mutukula, lala Kampala, kisha panda basi la mchana. Ni kama kilomita 500, kwa njia ya Karuma na daraja la Pakwach. Nitumie siku na jina la basi, dereva wa hospitali akupokee stendi. Mzigoni weka tochi ya kichwani, saa yenye mshale wa sekunde na viatu vya kufunika vidole, kwa ajili ya funza wa miguuni. Chandarua tunacho. Dagaa wa Mwanza ukiweza kuongeza, jiko letu halitakataa.

Wako,
Eunice