Tiba ya seli za kinga si sindano ya mara moja

Mhariri,

Wagonjwa wengi hapa Kisumu wanaulizia "sindano mpya ya saratani". Hiyo ni tiba ya CAR-T, ambamo seli za kinga za mgonjwa mwenyewe hubadilishwa ili zishambulie saratani, na jambo lenyewe ni refu. Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine kwa saa kadhaa, chembe nyeupe zichujwe, damu iliyobaki irudishwe mwilini. Maabarani, seli T (chembe nyeupe za kinga) hutiwa jeni mpya kupitia virusi visivyoweza kuzaana, ili ziitambue alama ya CD19 iliyo juu ya seli B, chembe nyeupe ambamo baadhi ya saratani za damu huanzia, kisha hukuzwa hadi zifike mamilioni. Kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hupewa fludarabini na siklofosfamidi, dawa za kupunguza chembe nyeupe alizo nazo, kwa siku chache. Seli za zamani zikibaki nyingi, mpya hazishamiri.

Hatari kubwa huja baadaye: homa kali na presha kushuka. Dawa ya tosilizumabu, inayotuliza kinga iliyochachamaa, sharti iwe wodini kabla ya seli kuingia, si kuagizwa usiku wa manane. Wengine huchanganyikiwa au hupata degedege. Na kwetu kanda ya Ziwa, homa hiyo ipimwe malaria vilevile. Virusi vinavyotumika maabarani kubeba jeni vikiwa vya jamii ya HIV, baadhi ya vipimo vya vinasaba huweza kuonyesha maambukizi ambayo hayapo.

Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii mwaka 2017, kwa dola 475,000. India iliidhinisha yake mwaka 2023, kwa bei nafuu zaidi. Hata hivyo, mzazi ambaye mtoto wake amevimba taya asikimbilie kuuza shamba: saratani ya Burkitt, ya seli B, ambayo huweza kuvimbisha taya za watoto, ikigunduliwa mapema, kemotherapia ya kawaida huwaponya wengi.

Wahudumu wa maabara ya damu,
Kisumu